Krismasi Katika Mwezi wa Jembe

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo linalotungojea kila mwaka mara tu tufungapo shule, nalo ni sikukuu ya Krismasi. Labda mwenzangu atauliza, "Krismasi ina nini cha kuandikiwa? Si ni kusali na kula tu?" Ingekuwa hivyo, nisingechukua kalamu. Lakini katika vijiji vyetu vingi vya Ugogo, na hata katika mitaa ya mji wa Dodoma, naona siku hiyo imekuwa ya kuhangaika, na nyuma yake hufuata Januari yenye madeni.

Shauri langu ni hili. Krismasi tuipunguze kwa upande wa matumizi, tuizidishe kwa upande wa kanisa na jamaa, na ile karamu kubwa tuihamishie wakati wa mavuno. Najua ni shauri litakalopata wapinzani, hata bwenini kwetu. Kwa hiyo nitaeleza sababu zangu moja moja, na msomaji apime mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe tunayokaa. Sote tumefundishwa katika somo la Jiografia ya kwamba uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, na kufika Aprili huwa zimekoma. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 mpaka 600, na hizo zenyewe hazina mwendo mmoja, maana mara nyingi katikati ya msimu hukatika, jua likaunguza mimea ingali michanga. Ndiyo sababu wazee husema mvua ya kwanza haingojwi. Wengine hupanda mbegu katika udongo mkavu kabla ya mvua, na wengine huberega tu, yaani hupanda bila kulima sawasawa, kwa kuogopa kuchelewa. Basi Krismasi hutuangukia katika majuma yale yale ambayo mkulima hana ruhusa ya kukaa.

Tena huu ndio wakati wa ghala kuwa tupu. Uwele na mtama huvunwa kuanzia Mei na Juni. Desemba ni mwezi wa sita au wa saba tangu mavuno, na mama akiingia ghalani husikia sauti ya kata ikikwangua chini. Chakula kilichobaki ni cha kuwapa nguvu wenye jembe, na mbegu iliyobaki ni ya kupanda. Kwa hiyo sikukuu yetu kubwa ya kula hutukuta katika mwezi wa chakula kidogo na kazi nyingi.

Je, kosa ni la sikukuu? La, hasha. Tazama kidogo historia. Habari za kale kabisa tulizo nazo juu ya kuadhimishwa kwa tarehe 25 Desemba ni za mji wa Roma, katika mwaka 336. Huko Ulaya wakati huo ni kipupwe. Mkulima amekwisha vuna, ardhi ni baridi na haifai kulimwa, na wanyama ambao majani hayatawatosha wamekwisha chinjwa. Karamu ya Desemba huko ilikuwa halali ya majira yake, maana nyama ipo, nafaka ipo, na kazi hakuna. Wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876 walileta Injili, na pamoja na Injili zikaja desturi za kwao. Injili ni ya watu wote, lakini kipupwe cha Ulaya si cha watu wote. Wenzetu Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea kuzaliwa kwa Bwana tarehe 7 Januari, tena baada ya kufunga siku nyingi, na hakuna awaambiaye kwamba Ukristo wao una upungufu.

Hata hapa Tanzania majira yetu hayafanani. Kila Desemba twasikia juu ya Wachaga wanaorudi Kilimanjaro kwa maelfu, na wengi wetu huwatamani na kutaka kuwaiga. Yafaa tukumbuke kwamba mgomba hutoa ndizi mwaka mzima. Mtu wa Marangu akirudi kwao Desemba hukuta chakula shambani. Mtu wa Bahi au wa Chamwino akirudi kwao Desemba hukuta jembe mlangoni. Kuiga si vibaya, lakini sharti uige kile ambacho nchi yako yaweza kukibeba.

Wanafunzi wa Dodoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mambo makubwa yasiyopimwa kwa nchi yetu. Kongwa ipo hapa hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga. Wakaleta matrekta, wakafyeka pori, wala hawakupima vya kutosha ugumu wa udongo wala uchache wa mvua. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Tukisoma habari hizo darasani twacheka sana. Lakini nyumba yenye ekari tatu ikikopa Desemba ili ifanye karamu ya mjini, nayo imefanya Kongwa yake ndogo.

Tena wazee wetu walionja mwisho wa ghala tupu. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo yakachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukaja juu yake. Ndiyo njaa ile iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 mpaka 1920. Sisemi kwamba pilau ya Krismasi italeta Mtunya. Nasema tu kwamba mababu waliotoka katika njaa ile walijifunza kuyaheshimu majira, nasi si vema tuyasahau kwa sababu ya nguo za dukani.

Sababu ya pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba yenye baba, mama, bibi na watoto wanne. Bei hizi nazikadiria tu kwa ajili ya mfano. Nguo mpya za watoto wanne, kila mmoja shilingi 30,000, ni 120,000. Mchele kilo 10 kwa 3,000 ni 30,000. Kuku wawili kwa 20,000 ni 40,000. Mafuta, vitunguu, nyanya, viungo, soda na mkaa tuseme 50,000. Jumla ni shilingi 240,000 kwa siku moja.

Sasa tugeuze ukurasa. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada mpaka Kidato cha Nne, nasi twashukuru. Lakini mtoto aendaye bweni haendi mikono mitupu. Godoro tuseme 50,000, sanduku 50,000, shuka na blanketi 35,000, sare na viatu 80,000. Jumla ni 215,000. Ukitoa katika zile za Krismasi, zabaki 25,000 za nauli. Shule hufunguliwa Januari, majuma machache tu baada ya sikukuu. Hapana shaka wenzangu mtawakumbuka wale ambao huripoti mwezi Februari, na tukiwauliza walikuwa wapi, hutazama chini. Wengine hawaripoti kabisa, na twasikia baadaye ya kwamba binti fulani amekwenda mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Hazipotei nafasi zote hizo kwa sababu ya Krismasi, maana umaskini una milango mingi. Lakini mlango huu mmoja twaweza kuufunga wenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni msichana. Tazameni ni nani anayeibeba sikukuu mabegani. Tarehe 24 mama na mabinti huamka kabla ya jogoo. Huteka maji, huchanja kuni, huchambua mchele, hufua nguo za watu wote. Tarehe 25 kengele ya kanisa ikilia, baba na wavulana hutoka wamependeza, na mama hubaki jikoni, macho mekundu kwa moshi. Akiwahi kufika kanisani, hufika wakati wa sadaka. Basi nauliza: sikukuu ya Mwana aliyezaliwa na mama maskini, akalazwa katika hori ya ng'ombe, yawezaje kuwa siku ambayo kina mama hawana nafasi ya kusali? Sisi Wagogo tungepaswa kuielewa habari hiyo kuliko watu wengi. Katika tembe za zamani watu na mifugo walikaa katika ua mmoja. Mtoto kulazwa karibu na ng'ombe si jambo la ajabu kwetu, wala halikuhitaji mapambo.

Sasa nieleze jinsi nyumba yetu ilivyofanya mwaka jana, ili msidhani natoa maneno ya kitabuni tu. Kwetu ni kijijini, wilaya ya Chamwino. Jumapili ya kwanza ya Majilio, nikiwa nimekwisha rudi likizo, baba aliita jamaa wote tukakaa barazani. Mdogo wangu alikuwa amemaliza darasa la saba, naye alitazamia kuingia Kidato cha Kwanza bweni. Baba akasema fedha ya alizeti ni hii, mahitaji ni haya, na kila mtu aseme analoona.

Baba mdogo, akaaye Dar es Salaam, alikuwa amepiga simu, na sauti yake tuliisikia wote. Akasema, "Kaka, tukifanya Krismasi ndogo watu watasema tumefilisika."

Baba akamjibu, "Waache waseme, mdogo wangu. Wakija Januari kunisaidia kununua godoro, nitawasikiliza."

Bibi alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, nilipokuwa msichana, Krismasi tulikula ugali wa uwele na mbuzi mmoja wa ukoo wote, tukaimba mpaka karibu na mapambazuko. Nguo niliyovaa siikumbuki. Nyimbo nazikumbuka zote."

Basi tukapatana mambo matano. La kwanza, hakuna kukopa wala kuuza mbegu. La pili, nguo mpya ni kwa yule tu ambaye yake imechakaa, na wengine tutafua na kupiga pasi. La tatu, nyumba tatu za ndugu zitachinja mbuzi mmoja na kupika chungu kimoja. La nne, maji na kuni ni kazi ya wavulana, na mapishi yaishe tarehe 24 usiku, chakula kipashwe moto tu baada ya ibada. La tano, tarehe 26 tutaamkia katika shamba la ajuza mmoja jirani yetu asiye na mtu wa kumlimia.

Sikukuu ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu kabla yake, na udongo ulikuwa tayari. Sitaficha kwamba mdogo wetu wa mwisho alilia kwa sababu ya viatu, kwa maana rafiki yake alikuwa na vipya vyenye taa kisiginoni. Alilia asubuhi, na mchana alikuwa anacheza peku na huyo huyo rafiki. Kanisani tulikaa wote katika mabenchi mawili. Tulipokuwa tukirudi, mama alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, leo nimesikia mahubiri mpaka mwisho." Hakusema zaidi ya hapo. Kesho yake tulilima kwa jirani mpaka saa tano, watu kumi na wanne, tukala makombo ya sikukuu chini ya mbuyu. Na mwezi wa Januari mdogo wangu aliripoti shuleni siku ya kwanza. Sisemi kwamba godoro lake lilinunuliwa na Krismasi. Lilinunuliwa na alizeti ya baba. Nasema tu kwamba Krismasi haikulila.

Sasa nijibu wapinzani, kwa maana wana haki yao.

Wa kwanza husema, "Wataka kuwanyima watoto furaha." Ndugu, furaha ya mtoto haina bei kubwa hivyo. Mtoto hufurahi akiona jamaa zake wengi mahali pamoja, wasiogombana. Kinachomnyima furaha ni baba mwenye hasira za deni na mama aliyechoka.

Wa pili husema, "Jamaa wa mjini hupata likizo Desemba tu, nasi sharti tuwapokee vizuri." Ni kweli, na mgeni hapokewi kwa maneno matupu. Lakini methali yetu yajulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jamaa anayetoka Dar es Salaam si mgeni hata hivyo, ni mwenye nyumba aliyechelewa. Tangu Julai 2024 gari moshi la umeme humfikisha Dodoma kwa saa chache. Basi aje na furaha yake, na akitaka kuleta zawadi, alete mbegu, mbolea au madaftari.

Wa tatu ni wafanya biashara wa soko la Majengo na maduka ya mjini, ambao husema Desemba ndiyo mwezi wao wa kuuza. Siwaombei hasara. Fedha haitapotea ila itabadili mwezi tu. Mtu akiwa amevuna hununua kwa fedha yake mkononi, wala hadaiwi.

Hapo ndipo nafika kwenye lile neno nililolitanguliza, la kuhamisha karamu. Makanisa yetu yana sikukuu ya mavuno, ambapo waumini huleta nafaka, kuku na mbuzi mbele ya madhabahu. Wakati huo ghala limejaa, mvua hakuna, njia ni kavu, na shule zimefungwa kwa likizo ya Juni au zakaribia. Kwa nini tusiifanye hiyo iwe karamu kubwa ya ukoo? Arusi, vipaimara, ubatizo, mikutano ya jamaa, vyote vyafaa wakati huo. Dodoma ni makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, na tangu mwaka 2014 ni jimbo kuu la Kanisa Katoliki. Wala hatukosi Walutheri na makanisa mengine. Naamini maaskofu na wachungaji wetu wakilisema jambo hili mimbarini mapema, katika Majilio yenyewe, wazazi watapata nguvu ya kukataa mashindano. Mtu mmoja akipunguza peke yake huonekana bahili. Sharika nzima ikipunguza, huwa ni desturi.

Na Krismasi ibaki na nini? Ibaki na kilicho chake. Ibaki na ibada ya usiku wa tarehe 24, na kwaya kupita nyumba kwa nyumba kuwaimbia wagonjwa na wazee. Sisi watu wa uwanda huu hatuna haja ya kukodi vipaza sauti ili tufurahi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na ilimba ya Kigogo, na wageni wakalipa fedha kumsikiliza. Kina mama zetu hupiga ngoma za muheme hata mtu mvivu akainuka. Muziki huo hautuulizi senti, na mtoto akiusikia akiwa na miaka mitano atakuwa nao akiwa na sabini, kama bibi yangu.

Tena tujifunze kwa majirani zetu Waislamu, ambao tuko nao wengi hapa shuleni, hasa kutoka Kondoa. Katika Idd el Hajj wachinjao huigawa nyama, sehemu ya nyumbani, sehemu ya jamaa na majirani, na sehemu ya maskini. Anayechinja hajiulizi nani amevaa nini, hujiuliza nani hajapata. Sahani zinazovuka ua kati ya nyumba zetu na zao wakati wa sikukuu ni jambo jema ambalo halipaswi kupunguzwa hata kidogo.

Namalizia kwa sisi wanafunzi wenyewe, kwa maana ni rahisi kuwapangia wazazi. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa Taifa Novemba, na Krismasi itatukuta nyumbani bila fedha lakini na nguvu tele. Wa vidato vya chini nanyi mtakuwa nyumbani karibu wakati huo huo. Basi natoa maombi manne. Usimdai mzazi nguo ya sikukuu, mwambie mapema kwamba huihitaji, kwa maana mzazi wa Kigogo hatakuambia kwamba hana. Kijana wa kiume, chukua ndoo uende kisimani bila kutumwa, wala usiogope kuchekwa. Mwombe baba afungue daftari mbele ya jamaa wote kabla ya Desemba kufika katikati, mahitaji ya Januari yaandikwe kwanza, ya Krismasi yafuate. Na tarehe 25 hakikisha mama yako amekaa katika benchi la kanisa kabla ya wimbo wa kwanza, hata kama chakula kitaliwa saa tisa.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba sikukuu iliyofanywa kwa kiasi haiozi pia, kwa sababu hakuna anayekuja kuidai baadaye. Nawatakia wenzangu wote mitihani myema, mvua za kutosha na Krismasi ya amani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne